Saa ya kukimbilia ya Kariakoo: miezi minane, 42 moja, na sekunde 37

Nilishuka ngazi za duka lile la Kariakoo nikiwa nimepungukiwa shilingi 385,000, na mkononi nina saa nyeusi ambayo sikujua hata kuiwasha. Muuzaji alianzia laki nne na nusu. Nikamwambia mimi ni mhasibu, anipe bei ya mhasibu. Akacheka. "Dada yangu, ukivaa hii hata Simbu, bingwa wetu wa marathon, anakuachia njia." Hiyo ilikuwa Julai. Februari nikaivaa Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, kilomita 42 zote, nikitafuta kumaliza chini ya saa nne. Nilimaliza kwa saa 4 na sekunde 37. Kwa hiyo mtaniwia radhi mkikuta kinyongo humu ndani. Jina la saa silitaji wala la duka, maana nitakayosema yanazihusu saa nyingi za bei hii, na kosa kubwa kuliko yote ni la kwangu.

Nianze na mazuri. Ina vitufe vitano vya kubonyeza, si kioo cha kupapasa. Anayekimbia Dar es Salaam atanielewa: saa moja asubuhi juu ya Daraja la Tanzanite jasho linachuruzika mpaka ncha za vidole, ukigusa kioo ni kama unagusa sabuni. Rangi zake hazipendezi, lakini jua likizidi ndivyo namba zinavyozidi kusomeka. Boksi linasema betri inakaa saa 30 GPS, ile ya kupima umbali kwa setelaiti, ikiwa imewashwa. Mimi napata kama 17, na kwa mazoezi ya wiki zinanitosha na chenji inabaki.

Mkanda wa mpira ulionunuliwa nayo uliniwasha hadi ukaniachia alama kama ya pasi. Nimeweka wa kitambaa, shilingi 15,000. Waya wa chaji ndio kero, kwani ni wa saa hiyo peke yake, hauingiliani na kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Wangu ulipotea kwenye shughuli ya shemeji Tabata, saa ikalala kabatini wiki tatu kwa sababu dukani hawakuwa na mwingine, na ule "udhamini wa mwaka mmoja" wa kwenye risiti hauhusu waya. Niliusoma wote. Hauhusu pia mkanda, kioo, betri wala maji. Nikamuuliza kijana wa dukani, sasa unahusu nini? Akasema, "Roho ya saa, dada."

Mapigo ya moyo yanapimwa na taa za kijani zilizo chini yake, na mwezi wa kwanza zilinitia hofu. Najikimbilia taratibu Masaki, napiga stori na wenzangu, saa inasema 176. Kaka mmoja wa kundi letu la jogging, mtu mzima aliyekimbia 42 mara nyingi kuliko anavyokumbuka, akanishika mkono, akaisogeza saa juu ya kifundo kwa upana wa kidole, akaikaza. Ikashuka hadi 141. Ikilegea, akaniambia, inaacha kuhesabu moyo inaanza kuhesabu hatua.

Sasa umbali, ambao ndio hasa niliilipia. Kwenye barabara iliyonyooka na anga wazi haina tatizo. Nikipita Posta katikati ya maghorofa, mchoro wa njia kwenye simu unaonyesha nimekatiza ndani ya benki mbili na kukanyaga bahari kidogo. Mawimbi ya setelaiti yanagonga kuta kwanza ndipo yaifikie saa, na mstari ukiyumba, mita zinaongezeka. Hilo nililijua, kama mtu anavyojua kuwa chumvi nyingi si nzuri huku akiomba kopo la chumvi.

Moshi tuliondoka saa 12:30 asubuhi kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika, mlima umejitokeza wote bila wingu. Nusu ya kwanza ni nyepesi, mnatoka na barabara ya kwenda Dar na kurudi mjini. Nusu ya pili inapandisha kwenda Mweka, kilomita kama kumi za kuinamisha kichwa, halafu mnageuza kushuka. Ukitaka kumaliza chini ya saa nne unahitaji wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Kwenye kioo niliacha namba moja tu, kubwa, pesi ya wastani, yaani dakika kwa kila kilomita. Nikasema ikibaki chini ya 5:41 nimemaliza kazi.

Saa ikatetemeka mkononi kuniambia kilomita ya 10 imetimia. Bango la 10 lilikuwa mbele yangu bado, kama mita mia hivi. Nikasema wameliweka vibaya. Ya 20 ikatetemeka, bango silioni kabisa. Nikasema na hili nalo wamekosea. Mimi! Mimi ambaye mwanzo wa kila mwezi nakaa na taarifa ya benki mkono huu na daftari la fedha mkono huu, na zikipishana shilingi mia mbili usingizi hauji.

Mweka ilikuwa Mweka. Migomba pande zote, watoto wamenyoosha viganja wagongwe, mama mmoja kasimama na ndoo na kikombe: "Kaza mwanangu, umebakiza kidogo!" Nilikuwa nimebakiza kilomita 14. Wastani ukapanda hadi 5:46, nikauacha upande, kwa sababu mteremko niliuwekea akiba ya miguu. Tulipogeuza nikajiachia, mapaja yakawaka moto, namba ikaanza kurudi moja moja, 5:44, 5:42, 5:40. Kufika karibu na 40 ikasoma 5:38. Hesabu za kichwa hazijawahi kunishinda: 5:38 mara 42.195 ni saa 3, dakika 57 na sekunde 42. Nina dakika mbili na ushee za ziada. Kituo cha mwisho cha maji nikatembea. Hatua kama hamsini, nikinywa kwa adabu, nikamshukuru kijana aliyenipa, nikamrudishia hata chupa badala ya kuitupa.

Nilivuka mstari, nikabonyeza. Muda 4:00:37. Umbali 42.71. Wastani 5:38. Kila namba ililingana na mwenzake, na zote kwa pamoja zilikuwa zimeniuza.

Mita 515 za ziada, kwa pesi ile, ni karibu dakika tatu. Nyingine ni za setelaiti, migomba na kona za Mweka. Nyingine ni zangu. Njia za marathon zinazofuata kanuni za kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa ndani wa kona. Juu yake wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi. Mimi nilikuwa katikati ya barabara nikifuata kivuli, kila kona naizungukia nje, kila meza ya maji naivukia barabara. Mabango yalikuwa yananiambia ukweli tangu kilomita ya 10.

Yule kaka wa jogging alinipigia jioni. Akanikumbusha Boston Marathon ya 1988, Juma Ikangaa wetu 2:08:44, Ibrahim Hussein wa Kenya aliyeshinda 2:08:43. "Sekunde moja, dada. Wewe una 37 na unalia?" Nikamwambia Ikangaa hakutembea kwenye kituo cha maji.

Dawa ilikuwa ndani ya saa yenyewe siku zote. Unazima kule kuhesabu kilomita kwa yenyewe, halafu kila ukifika bango unabonyeza kitufe cha chini kulia, inakupa muda halisi wa ile kilomita. Nimejaribu kwenye mbio za kilomita 21 za mwezi wa nne na nikamaliza ndani ya sekunde tano za nilichopanga, ingawa saa iliandika 21.34. Maelezo yake kwenye kijitabu yana mistari miwili, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anazisogeza dirishani.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya waya, moja kwa ajili ya ule udhamini wa roho. Kama unakimbia kilomita tano tano za Jumamosi, simu yako inatosha. Kama unajiandaa na 42, inunue, ila bei ipiganie kuliko nilivyofanya mimi. Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini ameipata hiyo hiyo, duka lile lile, kwa 340,000 na waya wa pili juu yake. Na huyo hajawahi kukimbia hata kuwahi basi la mwendokasi.