Wiki kadhaa za "zima ruta, uwashe"

Nyota moja kwa kampuni inayoniuzia intaneti, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya dada mmoja wa zamu ya usiku. Nitamfikia.

Nina kompyuta ya zamani niliyoiwekea Linux na nginx, programu ya kuwafungulia watu tovuti. Ndani yake kuna rekodi za kwaya yetu, nyingine tulizihamisha kutoka kwenye kaseti. Ni nyingi na nzito, nikaona ya nini kukodi nafasi kwa watu wakati diski ninayo. Nikaipa kompyuta anwani ya kudumu ya ndani, 192.168.1.20, nikaingia kwenye ruta na kuelekeza huko poti 80 na 443, ile milango wageni wa tovuti wanayopitia. Nikashika simu, nikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, nikaandika ile anwani ya ndani. Nyimbo zikalia. Nikazima Wi-Fi, nikawasha data, nikaandika jina la tovuti. Kimya. Ukurasa ulizunguka mpaka ukakata tamaa.

Nikawapigia wanaoniuzia intaneti. Zima ruta, uwashe. Nikapiga tena: zima, hesabu hadi thelathini, uwashe. Safari ya tatu kijana akaniuliza, "Mama, si video unaangalia vizuri?" Nikamweleza taratibu kwamba mimi kutoka natoka bila shida, wanaokwama ni wageni wanaotaka kuingia. Akanijibu, "Kompyuta ya nyumbani siyo seva. Ukitaka tovuti, lipia kama wenzako." Akakata simu. Sijamaliza sentensi, amekata!

Hilo la kukatiwa ningelimeza. Kinachoniuma ni kwamba alinifanya nijishuku. Nilizima ukuta wa moto wa kompyuta (ulinzi wake dhidi ya wavamizi), nikaondoa nginx na kuiweka upya, nikabadilisha waya, nikairudisha ruta ilivyotoka kiwandani, kisha nikaandika zile poti mbili upya, tarakimu moja moja, usiku watu wamelala. Hakuna nilichokuwa nimekosea. Hakuna!

Siku moja nikatazama ukurasa wa hali ya ruta. Anwani ya upande wa nje ilianza na 100.72. Nikafungua tovuti ya kukuonyesha anwani yako, ikaonyesha nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziweze kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Anwani za namna hii, zinazoitwa IPv4, ni haba, akiba kuu ya dunia iliisha mwaka 2011, na kwa hilo sina ugomvi na mtu. Lakini si mngeniambia?

Nikapiga tena, usiku. Akapokea yule dada, akanisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama. Uko nyuma ya NAT yetu, ule mpango wa wateja wengi kutumia anwani moja. Hata ukifungua poti zote 65,535 kwenye ruta yako, mgeni anaishia kwetu." Sentensi chache tu, ambazo wenzake walishindwa kunipa kwa wiki kadhaa. Akaniombea anwani ya umma, nikawasha ruta upya, na safari hii kulikuwa na sababu. Tovuti ikafunguka kwa data ya simu. Cheti cha usalama wa tovuti kutoka Let's Encrypt, kilichokuwa kinagoma kwa kuwa ukaguzi wao haukufika poti 80, kikatoka palepale.

Sasa hiyo nyota moja inanisumbua. Laini ina kasi ndogo ya kupandisha, wakisikiliza watu wengi kwa pamoja wimbo unakatika. Anwani nayo hubadilika, kwa hiyo natumia huduma ya kulihamisha jina liifuate. Na haikuchukua muda kumbukumbu za seva zikajaa wapekuzi wa kutafuta wp-login.php, mlango wa kuingilia tovuti za WordPress, wakati mimi WordPress sina. Kama mnafanya haya, zimeni kabisa kuingia kwa nywila kwenye SSH, ile njia ya kuiendesha kompyuta kwa mbali. Lakini mwenzetu aliyehamia mbali amesikia tena sauti ya dada yake marehemu, ikitoka kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yangu.

Basi ziwe tatu. Sihami. Ila wakinirudisha nyuma ya ile NAT bila kuniambia, nahama siku hiyohiyo.