Raynox DCR-250 kwa picha za wadudu na buibui: uzoefu wangu

Kama tayari una kamera yenye zumu ndefu na unatamani kupiga picha za wadudu, usikimbilie lenzi ya makro, ile maalumu ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Anza na hii. Raynox DCR-250 ni lenzi ndogo ya Kijapani yenye nguvu ya dayopta 8, inayobanwa mbele ya lenzi uliyo nayo. Kibanio chake cha springi kinashika lenzi zenye uzi wa filta wa milimita 52 hadi 67.

Mimi naitumia na Canon 55-250mm. Nikivuta zumu mpaka mwisho, kitu cha upana wa sentimita moja hivi kinajaza picha nzima. Nikiirudisha sana, pembe za picha zinaingia giza, kwa hiyo kwenye lenzi fupi ya 18-55 sioni faida yake.

Ninachokipenda zaidi ni nafasi: mdudu anabaki kama sentimita 12 mbele ya lenzi. Kwetu Muheza hilo ni jambo kubwa, maana michungwa imejaa maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, na wanauma kweli. Ni kwenye michungwa hiyo nilipompata buibui wa jenasi ya Myrmarachne, anayejifanya maji moto: mwili mwembamba wenye kiuno, rangi ileile, miguu miwili ya mbele ameinyanyua mithili ya vipapasio. Kwa macho matupu nilimpita kama maji moto wengine wa mti ule. Kwenye picha nikahesabu miguu 8, halafu nikayaona yale macho mawili makubwa ya mbele ya buibui mrukaji. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza!

Kazi iko kwenye mwanga. Ukiyapata macho ya mdudu kwa ukali, tumbo limeshafifia, hivyo nabana tundu la lenzi hadi f/11, na hapo flashi ni lazima. Iwekee karatasi nyeupe mbele, la sivyo mgongo wa mbawakawa utang'aa mweupe pe. f/22 usifike, picha inapoteza ukali. Zima fokasi ya otomatiki, usogee mwenyewe mbele na nyuma taratibu. Nenda alfajiri, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi.

Vunjajungu mkubwa na vipepeo hawaenei humu. Wanaopenda hao wachukue DCR-150, yenye dayopta 4.8.