Kangaja wa bluu hapa Lubumbashi: uzoefu wangu wa kumwagiza, na tangi linalomfaa

Kangaja ninayemzungumzia ni Acanthurus leucosternon, yule mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la njano mgongoni. Ni samaki wa miamba ya Bahari ya Hindi. Wa kwetu huvuliwa pwani ya Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya), hufungwa kwenye mfuko wa oksijeni, hupitia Nairobi na kushuka uwanja wa ndege wa Luano ndani ya boksi la povu jeupe. Natathmini mambo mawili kwa pamoja: huduma ya kumwagiza kupitia wakala, na samaki mwenyewe. Huduma naipa nne kwa tano. Samaki naye, kwa akwariamu nyingi za maji ya chumvi nilizoziona mjini humu, jibu langu ni hapana, na sababu zake zinapimika kwa rula na kwa betri kabla hujalipa hata dola moja.

Anza na urefu wa tangi. Kangaja huyu haogelei huku na huku kwa starehe, anakimbia mchana kutwa, na akiwa mtu mzima hufika sentimita 20 na zaidi. Chini ya sentimita 180 za urefu na lita 500 za maji, atageuka kila sekunde mbili, atawakasirikia wenzake, na hasira hiyo itashusha kinga yake mwenyewe. Msemo wa wauzaji kwamba «bado mdogo, utanunua tangi kubwa baadaye» usiukubali. Tangi kubwa haliji, samaki anakua.

Jambo la pili wengi hawalifikirii kwa kuwa vitabu vimeandikwa na watu wa pwani. Maji ya chumvi yenye nyuzi 25 yakiwa usawa wa bahari hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yale yale hushika takriban 5.8 tu. Clownfish hatajali. Kangaja ametoka mahali mawimbi yanapopasuka juu ya mwamba, na pampu zikisimama yeye ndiye wa kwanza kupanda juu kutafuta hewa. Kwa hiyo kwenye lita 500 nataka pampu za mkondo zinazosukuma jumla ya lita 10,000 hadi 15,000 kwa saa, moja ikiwa imeelekezwa juu mpaka uso wa maji unatetemeka wote, pamoja na skima ya protini (kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu) inayofanya kazi usiku na mchana. Kifuniko cha kioo kilichoziba kabisa kiondoe, weka wavu.

Halafu delestaji, yaani ukatwaji wa umeme. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukikatika, lita 500 zenye samaki wanane zina saa chache tu kabla ya kangaja kuanza kuhema. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu yake tu ili isife mapema, inakupa saa-wati 600. Pampu moja ya wati 15 na kipuliza hewa cha wati 5, vikiwa vya volti 12 moja kwa moja, vinakwenda saa 30. Ukipitisha kwenye inveta, inveta yenyewe inakula wati kama 10, unabaki na saa 20. Ndiyo maana nashauri pampu ya volti 12 tangu mwanzo, hata kama ni ghali kidogo. Hita usiiunge kwenye betri, itaimaliza mara moja. Juni na Julai usiku nyumba inapoa sana; umeme ukikatika, funika pande tatu za tangi kwa blanketi na uache juu wazi. Hita mbili za wati 300 ni bora kuliko moja ya 600: moja ikiganda ikiwa imewaka, haina nguvu ya kupika tangi zima kabla hujagundua, na ikifa, ya pili inashikilia. Volti zinapopanda na kushuka, kinachoharibika kwanza ni swichi ya ndani ya hita, kwa hiyo ipitishe kwenye kidhibiti cha umeme.

Maji ya foraji (visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine) ya huku ni magumu, yamejaa chokaa, na huwezi kujua yamebeba madini gani mengine. Yapitishe kwenye kichujio cha osmosisi chenye hatua ya resini mwishoni, mpaka kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Kichujio hicho kinataka msukumo wa bari 3 hadi 4. Maji ya REGIDESO, shirika la maji, yakija kwa unyonge, kitatoa kikombe na kumwaga ndoo, hivyo nunua pampu ndogo ya kuongeza msukumo pamoja nacho. Utando unaziba haraka kwa chokaa. Usafishe kwa kuuacha utiririshe dakika tano kila baada ya kazi.

Sasa huduma. Wakala wangu hufanya vizuri mambo mawili: hutuma video ya samaki akila kabla ya kufunga, na husema wazi maji ya mfuko yana chumvi kiasi gani. Hayo mawili yana thamani kuliko bei. Kwenye video naangalia tumbo, lisiwe limebonyea nyuma ya mapezi ya kifua. Mgongo juu ya macho, usiwe mwembamba kama kisu. Na mashavu, yakipiga zaidi ya mara 100 kwa dakika samaki akiwa ametulia, simchukui. Ukubwa ninaotaka ni sentimita 9 hadi 12. Wadogo zaidi hawana akiba mwilini ya kuvumilia safari, na wakubwa hukataa chakula cha kifungoni. Alama moja naikata kwa sababu ya dhamana. «Akifa njiani unarudishiwa» maana yake ni bei ya samaki tu, kwa picha iliyopigwa mfuko ukiwa bado umefungwa, ndani ya saa mbili. Nauli ya ndege, ambayo ndiyo kubwa, imekwenda. Kwa hiyo piga picha boksi likifunguliwa, kabla ya kitu kingine chochote.

Mfuko ukifika ndipo wengi wanapowaua samaki wao kwa kufuata ushauri wa zamani wa kudondosha maji tone kwa tone kwa saa mbili. Ndani ya mfuko uliosafiri siku nzima, samaki ametoa kaboni dayoksaidi, pH imeshuka karibu na 7 au chini yake, na amonia karibu yote iko katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu huku samaki bado yumo. Ninachofanya: mfuko uliofungwa unaelea kwenye tangi la karantini (la kumtenga mgeni kabla ya tangi kuu) dakika 20, joto lilingane. Tangi hilo nimeshaliweka chumvi sawa na ya mfuko, kwa kawaida 28 hadi 30 kwa elfu. Kisha nakata, namtoa kwa chombo cha plastiki, maji ya mfuko yanamwagwa nje. Wavu hapana: kangaja ana mwiba mkali kila upande wa shina la mkia, unanasa kwenye nyuzi na kumchana, na kwa mkono wako nao ni wembe. Taa zizimwe mpaka kesho yake. Chumvi ipandishwe 1 hadi 2 kwa elfu kwa siku mpaka 35. Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, irekebishe kwa maji maalumu ya 35, siyo kwa maji matupu, maana vipimo vingi vinasema kweli kwenye 0 na kudanganya kwenye 35.

Karantini kwa samaki huyu ni lazima. Ninaposema lazima, maana yangu ni kwamba kama huna nafasi ya tangi la pili, usiagize. Kangaja hushikwa na ugonjwa wa vidoti vyeupe, Cryptocaryon irritans, kuliko karibu samaki mwingine yeyote wa akwariamu, na akiuingiza kwenye tangi kuu, njia ya uhakika ya kuutoa ni kuhamisha samaki wote na kuliacha tangi bila samaki siku 76. Kitunguu saumu kwenye chakula hakiui kimelea. Taa ya UV inapunguza, haimalizi.

Tangi langu la karantini ni lita 180, halina mchanga wala mawe, kwa sababu mawe hunyonya dawa na kipimo kinakudanganya. Ndani kuna vipande vya bomba la PVC vya kujifichia, hita, kipuliza hewa, na sifongo iliyokaa wiki sita kwenye tangi la chini la akwariamu kuu ili ibebe bakteria. Dawa ni shaba. Mji mzima unaishi kwa shaba, lakini chupa ya shaba ya samaki inaagizwa nje. Salfeti ya shaba ya viwandani usiiguse, hujui imechanganyika na nini. Kwa shaba iliyofungwa na kemikali nyingine (chelated), kama Copper Power, lengo ni miligramu 2.5 kwa lita. Napandisha polepole kwa siku nne au tano, kwa sababu kangaja akipewa yote siku moja huacha kula. Kwa Cupramine, dawa ya shaba ya aina nyingine, lengo ni 0.5 tu. Ukichanganya namba hizi mbili umemuua. Vipimo vya rangi vya kulinganisha kwa macho havitoshi. Kipimo cha kidijitali cha Hanna HI702 hutoa namba, na namba hiyo naitazama kila siku. Siku 30 huhesabiwa kuanzia siku kiwango kimefika, na kikishuka chini ya 2.0 hata siku moja, hesabu inaanza upya. Shaba inaua kimelea kikiwa kinaogelea kutafuta samaki, haikifikii kikiwa ndani ya ngozi wala kwenye gamba lake chini ya tangi, ndiyo maana lazima ukisubiri kitoke.

Kosa linaloua kimya kimya: amonia imepanda karantini, mtu anatia dawa ya kuondoa klorini na amonia. Dawa nyingi za aina hiyo hubadilisha shaba kuwa kali kupita kiasi. Badilisha maji tu, na maji mapya yawe tayari na shaba ya kiwango kile kile.

Muda wa shaba ukiisha na shaba ikaondolewa kwa kutumia kaboni (mkaa wa kuchujia maji), minyoo ya mashavu inabaki. Hapa tuna bahati: praziquantel ipo kwenye famasia kwa sababu ya kichocho. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, kwa hiyo lita 180 zinataka 450, yaani robo tatu ya kidonge cha 600. Kisage, kikoroge kwenye kikombe cha maji ya tangi, mimina mbele ya kipuliza hewa. Rudia baada ya siku saba. Unga wa kidonge utachafua maji na bakteria watakula oksijeni, kwa hiyo hewa iongezwe siku hizo.

Chakula kianze karantini humo humo. Nori ya sushi (mwani mkavu), isiyo na mafuta wala viungo, hupatikana kwenye maduka ya Wachina. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwenye klipu, asubuhi na jioni, kitolewe kama hakijaliwa baada ya saa nne. Juu yake uduvi wa mysis wa kugandishwa, mara mbili kwa siku, kidogo. Uduvi ukiyeyuka kwenye friza kwa delestaji na kuganda tena, tupa. Utaona maji mekundu chini ya pakiti, na hayo ndiyo lishe iliyotoka. Lengalenga (mchicha) iliyochemshwa anaila, lakini haina mafuta ya baharini wala iodini ya kutosha. Kangaja anayelishwa mboga za bustani hupata mashimo usoni na kwenye mstari wa ubavu baada ya miezi. Vumbi la kaboni nalo linahusishwa na mashimo hayo, hivyo osha kaboni mpaka maji yatoke meupe.

Kwenye tangi kuu aingie wa mwisho. Akiingia wa kwanza, kila anayefuata ni mvamizi. Mweke siku tatu hadi tano kwenye boksi la plastiki lenye matundu, wengine wamzoee, na kama kuna kangaja mwingine wa jenasi ya Acanthurus humo, usijaribu. Kioo cha kujitazamia kilichobandikwa nje ya tangi humshughulisha siku za mwanzo. Mapezi yaliyochanika kidogo yatapona. Akikaa kona ya juu bila kula siku mbili, mrudishe karantini.

Mwenye tangi la sentimita 120 na tamaa ya kangaja amwombe wakala Ctenochaetus truncatus, anayepatikana bahari hiyo hiyo. Hazidi sentimita 16 hivi, ana vidoti vya njano akiwa mtu mzima, na siku nzima anakwangua utando kwenye mawe na vioo. Anataka tangi lenye umri wa miezi minane au zaidi, lenye utando huo tayari, na karantini yake ni ile ile, na shaba ile ile.