Nairobi hadi Mombasa: ukate tiketi ipi?

Ndege ya Nairobi kwenda Mombasa hukaa angani kama dakika 45. Kwa mstari ulionyooka, miji hii imeachana kilomita 440 hivi. Barabara ina karibu 485 na reli ya kisasa, SGR, 472. Wauza tiketi za ndege hupenda kuzitaja hizo dakika 45, lakini wewe unayelipa piga hesabu tangu unapofunga mlango wako hadi unapotua mizigo. Nikihesabu hivyo, nazipanga hivi.

Ya kwanza kwangu ni SGR ya alasiri, ile ya haraka. Inaondoka Syokimau, kituo cha Nairobi, saa tisa na kufika Miritini, kituo cha Mombasa, saa mbili usiku au hapo karibu. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Daraja la kawaida viti vinatazamana na magoti hugongana na ya jirani, ila kulipa mara tatu kwa saa tano za safari sioni faida yake, labda uwe mrefu sana. Fika saa nzima kabla, kwa kuwa kuna foleni ya ukaguzi na mbwa wa kunusa mizigo. Kasoro kubwa ni Miritini yenyewe: iko mbali na kisiwa cha Mombasa, na mbali zaidi na mtaa wa Nyali. Patana bei ya teksi kabla ya kuingia garini. Treni ya asubuhi husimama vituo vya njiani, basi ichukue kama unashukia Voi au Mtito Andei.

Ndege ni ya pili. Ratiba itakwambia saa moja, kwa sababu huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama. Ongeza foleni za magari kuelekea JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ukaguzi, kungoja mabegi na teksi ya kutoka uwanja wa Moi wa Mombasa: utapata saa nne, pengine tano. Kwa treni, hesabu hiyohiyo hutoa saba au nane. Kwa hiyo unachonunua ni saa tatu tu. Mwenye kikao cha asubuhi na kurudi jioni hana budi kuzinunua. Mwenye likizo ya wiki nzima hana haja. Angalia pia mizigo, maana nauli ya chini kabisa mara nyingi ni ya begi la mkononi pekee. Na ukiwa na dirisha, kaa upande wa kulia ukielekea pwani. Mbingu zikiwa safi utauona Kilimanjaro.

Hoteli yako ikiwa Diani, kusini mwa Mombasa, geuza mpangilio: ndege ya Ukunda ndiyo ya kwanza. Inakushusha dakika chache tu kutoka ufukweni, na habari za kivuko cha Likoni huzisikii.

Basi ni la tatu, saa 8 hadi 10 nyuma ya malori ya Mombasa Road. Lakini lina jambo ambalo treni na ndege hazina: linakushusha ndani ya mji, maeneo ya Mwembe Tayari, na mwenye magunia au friji ya kupeleka nyumbani hana pa kwenda kwingine. Disemba, tiketi za treni zikishaisha, wengi huishia humo, na nauli yake nayo hupandishwa.