Ofisi ya serikali ya mtaa wetu Mtwara: nyota 2 na nusu, hiyo nusu ni ya mtendaji

Watu mnasifia hoteli na chipsi kuku, mi leo naipa nyota ofisi ya mtaa maana huko ndo tunakwenda kuliko hata hotelini. Mtaa sitautaja, tupo hapa hapa Mtwara mjini, ofisi chumba kimoja, benchi refu lenye mguu uliofungwa waya, meza, na kalenda ya kijani na njano ukutani ya mwaka juzi. Nimeitumia toka 2014, nimepita kwa wenyeviti watatu, kwahiyo siongei kwa kusikia.

Desemba 2014, uchaguzi wa serikali za mitaa, mtaa wetu uliangukia chama cha upinzani CUF, mwaka uliofuata jimbo zima la Mtwara Mjini nalo likaenda CUF, tukawa juu juu kwelikweli. Huku kusini watu walikuwa bado na machungu ya gesi ya 2013, ile ya kupelekwa Dar kwa bomba, upinzani hata haukuhitaji kujinadi sana. Kwangu enzi hizo huduma ilikuwa nyota 5. Mwenyekiti nakunywa nae kahawa kijiweni, muhuri anatembea nao mfuko wa shati, nikitaka barua tunamalizana palepale kikombe hakijapoa.

Ila niseme ukweli wangu. Kuna bi mmoja jirani, CCM damu, yeye akija anaambiwa mwenyekiti katoka, na mwenyekiti yupo, tumekaa nae nyuma ya mwembe tunacheka. Siku moja alikuwa anataka barua akamdhamini mwanae polisi, akazungushwa siku tatu. Nilikuwepo zote tatu na sikusema kitu.

Ikaja 2019. Wagombea wetu wakaenguliwa kisa makosa ya kujaza fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, CCM ikaondoka na zaidi ya asilimia 99 ya mitaa nchi nzima. Mi wakati huo nishashusha tanga nikapandisha tanga, nimetoka CUF nimemfata Maalim Seif chama cha ACT-Wazalendo, bendera ya zambarau nimeifunga juu ya mkorosho wa uani inaonekana mpaka barabarani.

Hapo ndo nikaijua benchi vizuri.

2021 mdogo wangu anaomba mkopo wa chuo Bodi ya Mikopo. Mnaijua ile, unajaza mtandaoni, unaprinti, unapeleka serikali ya mtaa isainiwe na kugongwa muhuri, unaskani unairudisha, na siku za mwisho zinahesabika. Nikaenda na fomu yangu safi. Shikamoo mwenyekiti, marahaba, akaisoma weee, akaigeuza nyuma, akaniuliza "balozi wako anasemaje?" Nikamwambia balozi wa nini tena, hii ya chuo. "Kalete karatasi ya balozi, mi ntajuaje kama mnakaa hapa." Jamani, huyu mtu tumeoga nae baharini Shangani tuko uchi toka watoto.

Kwa msioelewa, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM, anachaguliwa na wanachama wa CCM, sio mtumishi wa serikali. Enzi ya chama kimoja sawa, chama na serikali kitu kimoja, lakini vyama vingi vimerudi 1992 na kikaratasi cha balozi bado kipo kwenye mitaa kibao. Yaani mpinzani ili ithibitike kwamba analala kwake lazima aandikiwe na chama alichokikataa. CUF walipokuwa ofisini walikipiga marufuku hicho kikaratasi, hapo nawapa haki yao.

Balozi mwenyewe mzee wa watu wala hana neno. Alinikaribisha ming'oko, vile viazi pori vyetu, akachana karatasi ya daftari, akashika kalamu halafu akasita. "Mwanangu, ile bendera si uishushe tu, kijana asome." Hakunitisha, aliongea kama baba. Nikaishusha. Saa moja jioni nimepanda mkorosho mwenyewe nafungua kamba, mdogo wangu chini kashika ngazi, hatusemeshani. Kesho yake muhuri ukagongwa dakika mbili, elfu mbili "ya karatasi", risiti hakuna. Na wenyewe ulitoka nusu maana pedi ya wino ilikuwa imekauka, akaitemea mate akagonga tena juu yake.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile 4 kinamama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ndo usiseme. Kikundi chetu cha kubangua korosho tulishauriwa kwa upole tubadilishe katibu maana "anajulikana". Tukambadilisha, na mkopo hatukupata. Katibu hadi leo akinipita ananisalimia kwa kichwa.

Nusu nyota ya mtendaji sasa. Huyu ni mwajiriwa wa halmashauri, hajapigiwa kura na mtu, ni dada mmoja hana makuu, ukimkuta hakuulizi balozi wala bendera, anaangalia kitambulisho cha NIDA, anaandika, anagonga, kwaheri. Shida anashikilia mitaa miwili, kumpata ni Jumanne na Alhamisi asubuhi kabla ya saa 4, ukichelewa umeumia. Nendeni na fotokopi zenu na pasipoti saizi mbili, steshenari ya karibu mashine yake inatoa mistari.

Mikutano ya hadhara iliporuhusiwa Januari 2023 bendera zikaanza kurudi moja moja mtaani, yangu sijairudisha, kamba ipo. Novemba 2024 tumepata mwenyekiti mpya, chama kilekile ila kijana, balozi haulizi sana, elfu mbili anauliza.

Wiki iliyopita nimeenda tena, barua ya kuvuta umeme. Namkuta yule bi kakaa mwanzo wa benchi, chama chake kipo ofisini na yeye yupo pale toka saa 2, mwenyekiti kaenda msibani. Nikamwamkia, akaninyanyulia macho akanitazama kwa muda, nikajua anakumbuka mwembe. Halafu akasogea, akapigapiga benchi. "Kaa upande huu, ule mguu mbovu."

Wino nilikuja nao mwenyewe.