Miezi saba na Anki: jinsi nilivyojifunza mbinu za balagha na maneno ya toni

Nilihamia Houston, Marekani, kutoka Morogoro nikiwa na miaka 15. Kiingereza changu kilinitosha kununua vitu, kuuliza njia na kufaulu hesabu. Hakikunitosha kwa somo ninalosoma mwaka huu, AP English Language, somo la ngazi ya chuo linalofundishwa sekondari za huku. Humo unapewa hotuba, barua au makala, ueleze mwandishi ameijengaje ili awavute wasikilizaji wake. Mtihani hufanyika Mei, huandaliwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na alama huanzia 1 hadi 5. Wiki ya kwanza mwalimu alitugawia karatasi mbili: moja ya majina ya mbinu za balagha, yaani za kuvuta watu kwa maneno, nyingine ya maneno ya Kiingereza ya kutaja toni, yaani hisia inayosikika katika maandishi, zaidi ya 100. Usiku ule sikulala vizuri.

Kitu cha kwanza nilicholipia hakikuwa Anki bali programu nyingine ya simu, yenye kadi za kukariri zilizokwisha kutengenezwa na wanafunzi wengine. Mbele jina, nyuma maana, basi. Baada ya wiki mbili nilikuwa natamka maana zote bila kukosea. Ikaja insha ya kwanza, nikapata pointi 2 kati ya 6. Nilikuwa nimeorodhesha mbinu kama mtu anayesoma bei sokoni, na mwalimu akaandika pembeni swali lilelile mara tatu: hiyo mbinu inamfanya nini msikilizaji? Tena seti moja ilikuwa imegeuza anafora na epistrofi, yaani kurudia mwanzoni mwa sentensi na kurudia mwishoni, nami nikalimeza kosa lile zimazima.

Ndipo nikahamia Anki. Ni programu ya kadi za kukariri iliyoanza mwaka 2006, imetungwa na Damien Elmes, na jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kwenye kompyuta na kwenye simu za Android ni bure. Ya iPhone inalipiwa mara moja. Ukishajibu kadi, wewe mwenyewe unasema kama umeisahau au imekuwa ngumu, nzuri au rahisi, nayo inapanga siku ya kukurudishia. Kadi uliyoisahau inarudi muda huohuo. Uliyoijua inakuja kesho kutwa, halafu wiki ijayo, halafu mwezi ujao. Mimi nazipitia ndani ya basi la shule, dakika 15 kwenda, na jioni nikibaki na chache namalizia nyumbani.

Kilichonisaidia, hata hivyo, ni kwamba Anki ilinikuta tupu. Sikupakua seti ya mtu. Nilikaa nikatengeneza kadi zangu moja moja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya vitu hivi nilivijua tangu kidato cha pili kwenye somo la Kiswahili. Tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, tafsida, mubaalagha, tashtiti: mwalimu wetu kule Morogoro alitukaririsha hadi tukachoka. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mali ileile, imevaa tu nguo nyingine.

Basi nikaweka utaratibu. Mbele ya kadi naandika sentensi ya Kiingereza. Nyuma naandika jina la mbinu, kazi yake pale, na mfano wa Kiswahili uliotoka kichwani mwangu. Litotesi, kusema jambo kwa kukanusha kinyume chake, ilinisumbua hadi nilipoandika nyuma ya kadi maneno mawili: "si haba". Sijaisahau tena. Metonimia, kutaja kitu kwa jina la kinachohusiana nacho, nikaandika "Ikulu imetoa taarifa", maana jengo halina mdomo.

Lakini si kila kitu kilivuka salama. Asindeto, yaani kuacha viunganishi, ilinichanganya kwa sababu sisi tunaishi nayo. "Akaamka, akanawa uso, akachukua jembe, akaenda shamba." Hapo Kiswahili hakifanyi mbwembwe yoyote, -ka- inafanya kazi ya kuunganisha yenyewe, ndivyo kila bibi anavyosimulia. Mwingereza akiondoa "and" zake zote amefanya uamuzi, na msomaji anasikia mwendo umeharakishwa. Nilipoielewa tofauti hiyo niliandika kadi tatu juu yake, na ndizo ninazozithamini kuliko zote, maana hakuna seti ya kupakua ambayo ingenipa kitu hicho. Inamhusu mtu aliyetoka kwenye Kiswahili tu.

Kadi nyingine ninayoipenda ni ya Mwalimu Nyerere. Shule ya msingi tuliyajua kwa moyo maneno yale ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Huku Marekani ndiko nilikojua kwamba aliyasema kwanza kwa Kiingereza, mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Yasome kwa jicho la somo hili: tumaini mahali pa kukata tamaa, upendo mahali pa chuki, heshima mahali pa dharau. Jozi tatu za vinyume, zote kwa umbo moja, na katika sentensi nzima mkoloni hatajwi hata mara moja. Anayesikiliza anajua dharau imetoka wapi, ila hajapewa mtu wa kumchukia. Niliposimama darasani kueleza hilo, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba nina kitu cha kuwaletea wenzangu.

Toni ndiyo ilinitoa jasho. Mbinu inaonekana kwenye karatasi, toni unaisikia, na mtu unayekisoma Kiingereza kwa macho husikii sauti. Anki inakuruhusu kurekodi sauti kwenye kadi, nikamwomba mama aseme neno moja, "haya", kwa namna tatu. "Haya" ya kwanza ni ya kukubali kwa moyo mweupe. Ya pili ni ya mtu aliyechoka kubishana, hiyo nikaibandika "resigned", aliyekubali kwa kukata tamaa. Ya tatu unaijua kama umelelewa na mama Mtanzania: "Haya, endelea tu." Hiyo ni "ominous", yenye kuashiria balaa, na hakuna kamusi ingenifundisha vizuri zaidi.

Baada ya hapo kila neno nililitafutia mtu. "Wistful", kutamani kwa huzuni kilichopita, ni mama akitaja milima ya Uluguru ilivyokuwa ikionekana uani kwetu asubuhi, sauti inashuka, halafu anaendelea kukata vitunguu. "Sardonic" nikaandika kijembe, ingawa kijembe kina utamu ambao neno lile halina. "Condescending", kumdharau mtu kana kwamba haelewi, ni mhudumu wa ofisi moja aliyemsemesha mama polepole na kwa sauti kubwa, kama mtoto, wakati mama alikuwa amemwelewa tangu mwanzo. Na "indignant", hasira ya kuona uonevu, ni nilichohisi mimi nikiwa nimesimama pembeni. Siku nikikutana na neno lile kwenye swali sitatafuta maana yake. Nitaikumbuka ofisi ile.

Sasa niseme wazi ambacho Anki haikufanyii. Haikufundishi kuandika. Insha ya uchambuzi ina pointi 6: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na maelezo, 1 ya uchambuzi wa kina, na kadi zinakusogeza karibu na zile 4 tu, nazo mpaka uwe umeandika nyuma kazi ya mbinu. Mimi niliandika insha moja kila wiki kando ya kadi. Mwezi wa nne tangu nianze Anki nilikuwa kwenye pointi 4, na ya juzi ilikuwa 5. Pia usijazie kadi mpya nyingi. Programu imewekwa 20 kwa siku ukiianza. Nilipoiacha hivyo marudio yalirundikana hadi nikaikwepa siku nne. Nikashusha hadi 8, nikapumua.

Binamu yangu anaanza somo hili Agosti na ameniomba nimpe kadi zangu zote. Nimemwandalia nakala. Mbele nimeacha sentensi za Kiingereza kama zilivyo, na nyuma nimefuta kila kitu, aandike "haya" za mama yake mwenyewe.