Shingo ya gitaa langu kwa fundi vitanda wa Tabora

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta: Sh 45,000, msasa na rangi vikiwa humo humo. Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa mabaka kwenye shingo ya gitaa la umeme nililonunua mtumba. Shingo ni ya mepo, mbao nyeupe ngumu ya Marekani ya Kaskazini, na aliyekuwa nalo kabla yangu aliipaka rangi ya kahawia, nadhani akitaka ifanane na mninga. Ikafanana na ngozi ya fisi. Karibu na kichwa rangi imekolea hadi nyeusi tii, na katikati, pale dole gumba linaposhinda, imekataa kabisa kushika.

Mji uliotoa bendi ya Tabora Jazz ungestahili kuwa na fundi magitaa kila mtaa, ila mimi sikumpata hata mmoja. Nikaenda Ng'ambo kwa mzee mmoja wa vitanda na makabati. Baada ya shikamoo nikamwonyesha. Hakusema kitu. Alichovya kitambaa kwenye spiriti akaipangusa shingo nzima, kwa sababu mbao ikilowa hivyo inakuonyesha sura itakayokuwa nayo chini ya vanishi, kisha spiriti inaruka na hakuna kilichoharibika. Ukiwa na mbao yenye mabaka, anzia hapo kabla hujanunua chochote.

"Unaona kijana, hapa kuna vanishi ya zamani, hawakuitoa yote. Rangi itaingiaje?" Na kule kichwani? Pale shingo inapojikunja nyuzinyuzi za mbao zimekatwa kwa mshazari, vinyweleo viko wazi, rangi inazama. Isitoshe, mepo imeshikana sana na nyuzinyuzi zake hazielekei upande mmoja, kwa hiyo hunywa rangi sehemu hii na kuigomea sehemu ile. Mninga hausumbui hivyo. Una rangi yake, unaupiga vanishi basi.

Sharti langu lilikuwa moja: asiiguse kwa mashine ya msasa. Mlango wa kabati ukipungua nusu milimita hakuna atakayejua, lakini kwenye shingo kiganja kinajua siku hiyo hiyo. Nyuzi na vikazio vyake nilikuwa nimeshavitoa nyumbani, nikafungua na skrubu nne zinazoishika shingo kwenye mwili, nikafunika upande wa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha chini ya nyuzi, kwa utepe wa karatasi.

Alikwangua kwa kipande cha kioo. Wasiowahi kuona watashtuka, ila kioo kilichovunjika vizuri kinatoa vanishi kwa utando mwembamba bila kuisukuma rangi ndani zaidi. Baadaye msasa wa mkono, namba 120, 180, 240, kufuata urefu wa mbao, kamwe si kukatisha. Akapitisha kitambaa chenye maji ili vinyoya vya mbao visimame, vilipokauka akavikata kwa 320. Bado kivuli cha mabaka kilionekana. Hapo akaweka msasa chini. "Tukiendelea mbao itakuwa safi, ila shingo itakuwa fimbo."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Hakupaka rangi kwenye mbao tena. Alipiga kwanza koti mbili nyembamba za sila kuziba vinyweleo, akasugua kidogo, kisha akachanganya rangi ndani ya klia, vanishi isiyo na rangi, iliyolainishwa kwa tina na kuipuliza kwa bunduki ndogo kama ukungu, koti juu ya koti, akizidisha pale palipofifia. Rangi ikikaa juu ya sila, kiu ya mbao haina kazi tena. Ukitazama kwa karibu juani utaona kivuli chepesi kule kichwani, lakini lazima uambiwe pa kutazama.

Muda ulisumbua. Nilipeleka mvua zikiwa hazijaisha, naye siku ya unyevu hapulizi. Ana haki: tina inaruka haraka, inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewa unanasa humo na klia inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Mwenye haraka apeleke kiangazi, kati ya Mei na Oktoba.

Kasoro ni mng'ao. Mzee anamaliza kila kitu kama kabati la bibi harusi, na mkono ukitoka jasho dole gumba linanata badala ya kuteleza. Nimeufisha kwa pamba ya chuma, ile laini kabisa, nyuma ya shingo tu. Alipoiona hakufurahi hata kidogo. Akanipa nta ya nyuki aliyoiyeyusha kwenye tapentaini nipake juu, nayo inateleza vizuri na inanukia. Lakini wanaodai nta peke yake inatosha bila klia, sidhani wamewahi kupiga gitaa usiku kucha Oktoba ya Tabora. Jasho linaipita.

Kwa gitaa la shingo ya skrubu nitarudi kwake, na koti ya mwisho nitamwambia mapema aiache. Galatoni langu, gitaa kavu lisilo la umeme, ambalo shingo imegundishwa mwilini, sitampelekea. Bunduki yake ni ya milango, na ubao wa mbele wa gitaa lile ni mwembamba mno kubeba klia nzito.